Mnufaika wa Moja kwa Moja

Fomu ya ripoti ilikuwa na kurasa kumi na moja, na aliyeiogopa kuliko wote ni mwalimu mwenyewe. Darasa lake la watu wazima lilifanyika sebuleni kwake, siku tatu kwa wiki, saa tisa alasiri. Wanafunzi walikuwa ishirini na wanne na viti vilikuwa kumi na tisa, kwa hiyo watano walikaa kwenye ndoo zilizopinduliwa. Mfuko mmoja wa wafadhili ulikuwa umetoa vitabu, ubao, posho kidogo ya mwalimu, na miwani ya kusomea kwa kila mwenye kuihitaji. Kufundisha hakukumsumbua Mwalimu hata kidogo. Kilichomtoa jasho ni kumweleza mtu aliye mbali kwamba amefundisha.

Ndiyo sababu kikundi kilikuwa na Katibu. Huyu alikuwa karani mstaafu wa mahakama, jirani wa mlango wa tatu, mtu wa kalamu mbili mfukoni na suruali iliyopigwa pasi hata siku ya kufua. Maneno makubwa alikuwa akiyala na kuyatema, na fomu yoyote akipewa aliijaza mpaka kwenye nafasi zilizoandikwa "kwa matumizi ya ofisi".

Ukurasa wa nne uliuliza idadi ya wanufaika wa moja kwa moja, na pembeni yake idadi ya wanufaika wasio wa moja kwa moja. Katibu hakuona ugumu. Mtu akikwambia nenda moja kwa moja, alieleza, maana yake usisimame njiani wala usikate kona. Basi mnufaika wa moja kwa moja ni yule asiyekosa darasa hata siku moja. Akafungua daftari la mahudhurio, akahesabu kwa ncha ya kalamu, akapata watatu. Wengine ishirini na mmoja walikuwa wamekosa siku mbili tatu kwa homa, kwa misiba, kwa watoto, na mmoja kwa uvivu wa wazi. Akawaandika kwenye safu ya pili. Miongoni mwa wale watatu alikuwamo mama mkwe wa Mwalimu, mama wa mumewe fundi feni, ambaye asingeweza kukosa hata angetaka, kwa kuwa chumba chake kilifungukia sebuleni.

Jumatatu Bi Tathmini alipiga simu kutoka ofisi za mfuko. Hilo ndilo jina walilompa, kwa sababu kila alipopiga alianza kwa kusema anapiga kutoka kitengo cha ufuatiliaji na tathmini.

"Mwalimu, ripoti yenu inasema mradi mzima umenufaisha watu watatu," alisema.

Mwalimu aliweka simu kwenye spika na kumwangalia Katibu. Katibu alianza kueleza habari ya kukata kona. Bi Tathmini alimsikiliza mpaka mwisho, maana alikuwa na adabu, kisha akasema kuna jambo la pili. Ile hadithi ya mafanikio kwenye ukurasa wa saba ilikuwa imewagusa sana pale ofisini. Bibi hakujua kusoma wala kuandika, sasa anajua. Vizuri. Lakini chini yake, mahali pa ridhaa, pale mnufaika anapokubali habari zake zitumike, palikuwa na nafasi ya sahihi au dole gumba.

"Bibi anajua kuandika, halafu ametia dole. Mnanisaidiaje hapo?"

Hilo dole Mwalimu alikuwa hajaliona. Alipomgeukia Katibu tena, Katibu alikuwa ameanza kukagua viatu vyake.

Bi Tathmini akasema atakuja mwenyewe Alhamisi asubuhi. Atataka kuwaona wote ishirini na wanne, kila mmoja asome ujumbe wa simu na aseme umeuelewaje, na zaidi ya yote angependa kukaa na bibi wa kwenye hadithi. Mambo yakieleweka atapeleka mbele ombi la awamu ya pili. Yasipoeleweka hatakuwa na namna.

Simu ilipokatika, Katibu alikiri. Siku ile ya kupeleka ripoti, mama mkwe alikuwa amelala, na posta hufungwa saa kumi. Yeye alikuwa na kidau cha wino, na kidole alikuwa nacho.

"Dole ni dole, Mwalimu. Nani anasoma dole?"

Mwalimu alikaa kwenye ndoo, akashika tama. Shule aliyokuwa akifundisha ilikuwa imefungwa na jengo kugeuzwa ghala la saruji. Tangu hapo watu waliendelea kumwita mwalimu kwa mazoea, na darasa hili ndilo pekee lililofanya jina hilo liwe na maana. Awamu ya pili ikikosekana, vitabu na ubao vingerudi kwa wenyewe, na sebule ingebaki kuwa sebule.

Na hiyo hadithi yenyewe ilikuwa na mambo yake.

Mara ya kwanza Mwalimu aliiandika kama ilivyokuwa. "Mama mkwe wangu hakujua kusoma, na sasa anasoma, tena haachi," aliandika. Na ilikuwa kweli. Tangu avae ile miwani, mama mkwe alisoma kila kilichopita mbele yake. Aligundua kuwa dawa yake ya miguu humezwa baada ya kula, naye kwa miaka sita aliimeza kabla. Aligundua kuwa mwenye duka la pembeni anauza losheni iliyokwisha muda tangu mwaka juzi, akamsomea tarehe mbele ya wateja, na mwenye duka siku hizi akimwona kwa mbali huingia ndani na kumwacha mkewe ajibu. Alisoma pakiti ya chumvi pande zote mbili. Alisoma risiti ya umeme na kuuliza maana ya kila kodi mpaka mwanawe akaacha chai ikapoa.

Katibu aliisoma hadithi hiyo na kutikisa kichwa. Nani atatoa fedha kwa bibi anayegombana na muuza duka? Wafadhili wanataka machozi, alisema. Fomu inauliza hali ya kabla na hali ya baada. Kabla ikiwa nzuri, baada itakuwa na kazi gani? Basi wakakaa, huyu akitaja na yule akiandika, wakaitia chumvi mpaka ikawa sentensi tano ambazo Mwalimu hakupenda kuzirudia kwa macho. Katika hizo tano, nne walizibuni. Moja aliisema mama mkwe mwenyewe, siku fulani wakichambua mchele, kwa sauti ya chini, na hakuwa ameisema ili iandikwe.

Mwalimu alijiambia hakuna atakayejua. Ripoti ingekwenda huko mjini na kulala kabatini na ripoti nyingine.

*

Jumatano walifanya mazoezi ya mwisho. Mwalimu aliamua kuwapa imla, na kwa imla alihitaji karatasi. Karatasi hazikuwahi kuwa tatizo, kwa kuwa walikuwa na desturi yao. Mwenye duka la kuchapa alikuwa akiwapa kurasa zilizoharibika, nao wakiandika kwenye mgongo ulio mweupe. Mwaka mzima Mwalimu aliwagawia migongo ya matangazo ya minada, ya mitihani ya wengine, ya kadi za harusi zilizokosewa tarehe, na hapakuwahi kutokea mtu wa kugeuza.

Safari hii lundo lilikuwa la ripoti yao wenyewe. Kijana wa mashine alikuwa ameambiwa achape ukurasa wa saba nakala tatu, akachapa thelathini. Mwalimu alizichukua bila kuziangalia, akagawa, akaanza kusoma imla. Walishika kalamu wakainama.

Mama mkwe alimaliza wa kwanza, kama kawaida yake. Akapuliza karatasi kana kwamba wino ni chai, akaigeuza kuona kuna nini upande wa pili. Alisoma kwa sauti, maana hakuwa bado amejua kusoma kwa macho peke yake.

"Ka-bla ya mra-di, bi-bi hu-yu, ma-ma wa fu-ndi wa fe-ni..."

Mwalimu aliinua kichwa.

"...a-li-ku-wa a-ki-i-shi ka-ti-ka gi-za la u-ji-nga. A-li-la-la nja-a."

"Mama, tuendelee na imla," alisema Mwalimu.

"A-li... a-li-te..."

Darasani kulikuwa na utaratibu. Mwanafunzi akikwama, wenzake wote humsaidia kwa pamoja, na utaratibu huo Mwalimu mwenyewe ndiye aliyeuweka. Vichwa ishirini na vitatu viligeuza karatasi. Muuza mkaa akaongoza na wengine wakamfuata kwa sauti moja, kwa bidii na usahihi ambao Mwalimu alikuwa akiuombea tangu mwaka uanze.

"A-li-te-le-ke-zwa na mwa-na-we wa pe-ke-e."

Mwanawe wa pekee alikuwa amesimama mlangoni na feni ya mteja mkononi. Alikuwa amekuja kuuliza bisibisi yake ndogo iko wapi. Aliangalia darasa, akamwangalia mkewe, akatoka bila kuuliza.

Mama mkwe alimalizia mwenyewe, polepole, sentensi ya dole na ile ya kukata tamaa ya kuishi. Kisha akavua miwani, akaikunja, akaiweka juu ya meza mbele ya Mwalimu, akaingia chumbani kwake na kufunga mlango. Hakuubamiza. Mwalimu angefurahi kama angeubamiza.

*

Fundi hakuwa mtu wa maneno mengi. Jioni ile, hata hivyo, aliyatafuta.

"Jana asubuhi nilimletea mkate," alisema. "Juzi nilimpeleka kliniki. Niambie, hapo katikati ndipo nilipomtelekeza?"

Mwalimu alisema ni Katibu. Fundi akasema Katibu hakuolewa humu ndani. Mwalimu akasema wafadhili wanataka hivyo. Fundi akauliza je, wafadhili wakitaka mumewe awe amekufa, yeye kesho atafute sanda? Alisema mteja mwenye feni alikuwa nyuma yake pale mlangoni na alisikia kila kitu, na alipolipa aliongeza kitu kidogo juu, akamwambia amnunulie mama yake chakula.

Hapo Mwalimu alilia. Alilia kwa aibu tupu, wala hakutafuta pa kujifichia. Fundi alimwangalia, akachukua sahani ya chakula, akaipeleka kwa mama yake.

Sahani ilirudi kama ilivyokwenda. Juu ya mfuniko palikuwa na kipande cha karatasi, na herufi kubwa zilizokwaruzwa kwa penseli: SILI. NIMEZOEYA KULALA NJAA.

Fundi alisoma, akajikaza, kisha akashindwa, akacheka mpaka akashika ukuta. Ilikuwa barua ya kwanza mama yake kuandika katika miaka sabini na moja. Mwalimu aliichukua. Mkono wake, kwa mazoea, ulikwenda kwenye kalamu nyekundu mezani kuliondoa lile "y". Aliigusa, akairudisha.

Asubuhi kalamu nyekundu haikuwapo mezani. Miwani nayo haikuwapo.

*

Bi Tathmini alifika saa nne, akiwa na tableti kwapani na vumbi la njia nzima kwenye viatu. Alikuwa mdogo kuliko sauti yake. Aliwaamkia wakubwa wote shikamoo, mmoja mmoja, akaketi kwenye kiti kilichokuwa na miguu yote mizima, akatoa bahasha ya vipande vya karatasi vyenye jumbe za simu. Kila mtu angeokota kimoja, asome, aeleze.

Katibu alikuwa amekaa kwenye ndoo ya mwisho, kidole gumba cha kulia kimefungwa bendeji. Alisema alijikata na kopo.

Walisoma. Vidole vilifuata mistari, mmoja alisoma "benki" akasema "bangi" na kujirekebisha haraka. Muuza mkaa aliokota ujumbe unaosema amejishindia pikipiki na atume namba yake ya siri.

"Umeelewaje, mama?" aliuliza Bi Tathmini.

"Nimeelewa ni mwizi," alisema muuza mkaa.

Bi Tathmini akabonyeza tableti. Alihesabu ishirini na watatu. Katibu aliuliza sasa wote hao wataingia safu gani, naye akamjibu kwa upole kwamba kila aliyekaa darasani ni wa moja kwa moja, hata kama alikata kona. Kisha akageuka huku na huku.

"Na bibi wa hadithi?"

Watu wote waliangalia mlango wa chumba. Fundi, aliyekuwa amesimama kwenye kizingiti cha nje na mikono yake myeusi kwa grisi, aliangalia chini. Mwalimu alijua angeweza kusema bibi anaumwa. Katibu tayari alikuwa akimwonyesha kwa macho kwamba bibi anaumwa, tena sana.

"Hadithi ile si ya kweli," alisema Mwalimu. "Hajawahi kulala njaa humu ndani. Mwanawe hajamtelekeza, ndiye huyu hapa. Niliandika mimi ili mtuonee huruma, na yeye sikumuuliza. Hata hilo dole si lake."

Bi Tathmini aliacha kubonyeza. Katibu aliingiza mkono wenye bendeji mfukoni.

Mlango ukafunguka. Mama mkwe alitoka amevaa nguo yake ya kutokea, miwani puani, karatasi mkononi. Alikaa kwenye kiti cha Mwalimu, kile cha mbele karibu na ubao, bila kuombwa.

"Nilikuwa nangoja nisikie utasema nini," alimwambia mkwewe. Kisha akamgeukia mgeni. "Ndiyo mimi bibi mwenyewe. Nimesahihisha."

Alisoma. Alisoma bado kwa silabi lakini hakuna aliyethubutu kumsaidia. Katika giza la ujinga, kosa. Giza ni lile la umeme ukikatika. Alilala njaa, kosa, isipokuwa jana na hiyo ni kwa hiari yake. Alitelekezwa na mwanawe, kosa. Mwanawe ana kichwa kigumu na hanyoi ndevu, lakini hajamtelekeza. Alikuwa amekata tamaa ya kuishi, kosa kubwa. Kila kosa lilikuwa limepigwa alama ya mkasi, X nyekundu iliyochana karatasi kidogo.

"Mama, nisamehe," alisema Mwalimu.

"Kwa lipi? Kwa njaa?" Mama mkwe alishusha miwani akamtazama juu yake. "Mwanangu, njaa si kitu, watu husemwa zaidi ya hapo. Uliwaandikia hawa kwamba najua kusoma. Halafu ukanipa karatasi yenye habari zangu, ukaniachia mkononi. Uliandika najua, na wewe mwenyewe hukuamini."

Miezi kumi na miwili Mwalimu alikuwa amejaza asilimia kwenye visanduku, asilimia themanini, asilimia tisini na mbili, na hakuna siku moja aliyokumbuka kuficha karatasi.

Mama mkwe alimpa ile karatasi. Mwalimu aliona mikasi minne. Kwenye sentensi ya nne, ile ya mchele, palikuwa na alama ya vyema, ndogo, iliyopigwa kwa mkono mwepesi: Aliona haya kutia dole gumba mbele ya watu. Chini kabisa palikuwa na maksi, moja kwa tano, na neno RUDIA. Alitamani kumshika mkono pale pale lakini mama mkwe alikuwa ameshaukunja mapajani.

Bi Tathmini alikohoa. Alisema, kwa taratibu zao, hadithi ya uongo haiwezi kwenda mbele, na ridhaa ya dole la mtu mwingine ni jambo baya zaidi. Alisema pia kwamba kiashiria chao kilitaka mtu aweze kusoma ujumbe mfupi na kuuelewa, na katika miaka yake ya kazi hajaona mnufaika aliyeisahihisha ripoti. Hakujua aliweke wapi hilo, kwa kuwa fomu haina safu yake. Kama wanaweza kumpa hadithi nyingine sasa hivi, ya kweli, yenye ridhaa ya mwenyewe, ataipeleka. Akishaipeleka, wenye kuamua ni wengine.

"Isipungue maneno mia moja," aliongeza.

"Ya kweli hayafiki mia," alisema mama mkwe.

Mwalimu alikaa kwenye ndoo iliyoachwa wazi kando ya muuza mkaa, fomu mpya juu ya goti. Mbele yake mama mkwe alingoja na kalamu nyekundu. Sebule nzima ilimwangalia Mwalimu akiandika, akifuta, akiandika, na alihisi jasho la wanafunzi wake siku ya imla. Ilitoka sentensi moja. Akainuka, akaipeleka mbele kwa mikono miwili.

Mama mkwe alisoma, na kwa mara ya kwanza midomo yake ilikwenda bila sauti. Ilikuwa imeandikwa: Bibi huyu aliona haya kutia dole gumba mbele ya watu, na sasa anasoma anayoandikwa, na asipokubaliana nayo anasema.

Mama mkwe alipiga vyema, ya mkono mzito safari hii, na chini yake akaandika maksi. Kisha akateremka mpaka mahali pa ridhaa na kuandika jina lake lote, la kwake na la baba yake, herufi kwa herufi, mpaka likavuka kisanduku na kuingia sehemu ya matumizi ya ofisi.

"Amekupa ngapi, Mwalimu?" aliuliza Katibu kutoka kwenye ndoo yake.

Mwalimu alikuwa akifuta macho. Mama mkwe ndiye aliyeinua karatasi ili watu wote waone: moja, mstari, na chini yake moja.

"Moja kwa moja," alisema.